Rola ya Kinu cha Pamba na Fedha ya Mwanachama

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya wakulima wa pamba)



Kila msimu unapokaribia, swali la kwanza katika mikutano ya ushirika ni bei ya pamba. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa mkulima amelima, amepalilia, amepulizia dawa na kuchuma kwa mikono yake. Hata hivyo, liko jambo jingine ambalo huathiri fedha ya mkulima nalo huachiwa mafundi peke yao. Jambo hilo ni hali ya rola ndani ya kinu cha kuchambulia pamba. Rola hukumbukwa siku meneja wa kiwanda anapoleta makisio ya matengenezo mbele ya mkutano mkuu, na hapo wajumbe hujiuliza kama fungu hilo lisingefaa zaidi kugawanywa kwa wanachama. Madhumuni ya maelezo haya ni kuonyesha rola hufanya kazi gani, imeboreshwa vipi kwa miaka mingi, na kwa nini katibu wa chama cha msingi, aliye mbali na kiwanda, ana sehemu yake katika kuitunza.

KAZI YA ROLA

Pamba inayoletwa na mkulima huitwa pamba mbegu, kwa sababu nyuzi zingali zimeshikamana na mbegu. Kuchambua ni kuzitenganisha. Katika kila kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni theluthi moja au zaidi kidogo. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ni mbegu. Lakini nyuzi hizo, ijapokuwa ni chache kwa uzito, ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya fedha.

Kinu cha rola hufanya kazi kwa njia iliyo rahisi kueleweka. Rola ni mhimili uliovikwa ngozi ngumu iliyokerezwa ikawa laini, kisha ikachongwa mifereji ya mshazari. Ngozi hiyo huzishika nyuzi na kuzivuta zipite kati ya rola na kisu kilichosimama, ambacho kimebanwa juu ya rola. Mbegu haiwezi kupita hapo kwa kuwa ni nene. Hukwama kwenye ukingo wa kisu. Ndipo kisu cha pili, kinachocheza mbele na nyuma mamia ya mara kwa dakika, huipiga mbegu mpaka nyuzi ziiachie. Nyuzi hutoka upande mmoja, nayo mbegu huanguka chini kupitia chekecheo.

Kwa hiyo kazi ya rola ni kushika. Ikishika vizuri, uzi hutoka mzima na mrefu kama ulivyokuwa shambani. Ikishika vibaya, uzi huteleza, hubaki kwenye mbegu, au hutolewa pamoja na mbegu yake.

ROLA ILIVYOBORESHWA

Elimu ya rola ni ya kale. Huko India, kwa karne nyingi, watu walichambua pamba kwa chombo chenye rola mbili ndogo zilizobanana, zikizungushwa kwa mkono. Nyuzi zilipita kati ya rola hizo na mbegu zikabaki nyuma. Kazi hiyo ilikuwa safi lakini ya polepole.

Mwaka 1793 Mmarekani Eli Whitney alibuni kinu cha namna nyingine, ambacho hukwanyua nyuzi kutoka kwenye mbegu kwa meno; kutokana nacho vikaja vinu vya misumeno. Vinu hivyo vilikwenda kasi sana, lakini meno yake hukata baadhi ya nyuzi na kuzisokota zikawa vifundo vidogo vidogo. Kwa pamba yenye nyuzi ndefu hasara hiyo ilikuwa kubwa. Ndipo mwaka 1840 Mmarekani mwingine, Fones McCarthy, akapata hataza ya kinu chenye rola ya ngozi, kisu kilichosimama na kisu kinachocheza. Mpango wa McCarthy ndio mzazi wa vinu vya rola vinavyofanya kazi hadi leo. Baadaye vikaja vinu vya rola mbili, ambamo kisu kinachocheza huhudumia rola mbili zinazozunguka kwa kuelekeana, na kazi ikaongezeka ndani ya nafasi ile ile.

Katika miaka ya 1960 kituo cha utafiti wa uchambuaji cha Mesilla Park, katika jimbo la New Mexico, Marekani, kiliendeleza kinu ambacho badala ya kisu kinachocheza kina kisu kinachozunguka. Rola yake haikuvikwa ngozi bali tabaka za kitambaa cha pamba zilizounganishwa kwa mpira. Kinu hicho huchambua pamba nyingi zaidi kwa saa, na watafiti wa huko wamezidi kukiongezea kasi katika karne hii.

Watafiti wa India nao walishughulikia tatizo la ngozi yenyewe. Ngozi ya rola husindikwa kwa chumvi za kromiamu ili iwe imara. Inaposuguliwa na kisu mchana kutwa hutoa vumbi, na vumbi hilo huingia katika nyuzi na katika hewa wanayovuta wafanyakazi. Kwa ajili hiyo zilijaribiwa rola zilizovikwa kitambaa cha pamba na mpira hata katika vinu vya rola mbili, ili mshiko ubaki bila madhara ya kromiamu.

Historia hiyo ina fundisho moja. Mabadiliko yote yaliyofanywa yalitafuta mambo manne: mshiko mzuri, joto dogo, kasi zaidi na nyuzi safi. Kiwanda chochote, kiwe kipya au cha zamani, hupimwa kwa mambo hayo hayo manne.

HESABU YA MSHIKO

Katika kanda ya Ziwa nchini Tanzania, vinu vya rola vimefanya kazi kwa miaka mingi. Mwaka 1955 vyama vikuu vya wakulima wa pamba viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na wakulima wakaingia katika umiliki wa viwanda vya kuchambulia pamba yao. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, kisha mwaka 1994 milango ya biashara ya pamba ikafunguliwa kwa makampuni binafsi. Tangu hapo kiwanda cha ushirika hushindana na majirani zake. Mteja hakinunulii robota kwa huruma. Hutazama urefu wa nyuzi, usafi wake na vifundo vyake.

Hapo ndipo rola inapogusa mfuko wa mwanachama. Chukua mfano wa chama kikuu kinachochambua kilo 2,000,000 za pamba mbegu kwa msimu. Rola zikiwa nzima na visu vikiwa vikali, tuseme kila kilo 100 hutoa kilo 36 za nyuzi. Jumla ni kilo 720,000. Rola zikilika na mifereji yake ikafutika, kila kilo 100 zikatoa kilo 35 tu, jumla ni kilo 700,000. Tofauti ni kilo 20,000 za nyuzi. Nyuzi hizo hazikuibwa na mtu. Zimebaki zimeng'ang'ania mbegu, zikapimwa kama mbegu na kuuzwa kwa bei ya mbegu. Hakuna karani atakayeziona katika daftari la hasara, kwa kuwa magunia ya mbegu yameongezeka uzito. Kila katibu na azidishe kilo hizo kwa bei ya nyuzi ya msimu wake, kisha alinganishe jibu na fungu la kununulia ngozi na visu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tena hasara haiishii kwenye uzito. Kisu kinachocheza kikirekebishwa vibaya huvunja mbegu. Vipande vya mbegu huingia katika nyuzi na kushusha daraja, na mbegu iliyopasuka haioti vizuri. Mkulima anayetegemea mbegu kutoka kiwandani kwa msimu ujao hulipa kosa hilo mara ya pili, shambani.

MAMBO YA KUULIZA KIWANDANI

Wajumbe wanaotembelea kiwanda hawalazimiki kuwa mafundi. Yatosha kuuliza na kutazama mambo yafuatayo:

1. Mbegu inayotoka. Shika konzi moja ya mbegu kutoka katika kila kinu. Ikiwa mbegu za kinu kimoja zina nyuzi nyingi kuliko za vingine, rola au visu vya kinu hicho vina kasoro. Zitazamwe pia mbegu zilizovunjika.

2. Mgandamizo wa kisu. Kisu kikibana mno, rola hupata joto, hulika upesi na umeme mwingi hutumika. Kikilegea, nyuzi huteleza. Fundi aonyeshe ni lini mara ya mwisho kilipimwa, na kipimo kiwe kimeandikwa.

3. Mifereji ya rola. Ngozi hulika kila siku ya kazi. Mifereji ikiwa imefifia hapana budi ichongwe upya, na rola ikipungua unene kupita kiasi ivikwe ngozi mpya. Kiwanda kiwe na rola za akiba kabla msimu haujafunguliwa. Rola inayoagizwa katikati ya msimu hukuta malundo ya pamba yakingoja nje.

4. Joto na harufu. Harufu ya kuungua karibu na kinu si jambo la kuzoea. Msuguano wa rola na kisu ukizidi huweza kuanzisha moto, na moto wa pamba hauchagui gunia la nani.

5. Daftari la kila kinu. Kilo zilizoingia, kilo za nyuzi zilizotoka, saa za kazi na saa za kusimama ziandikwe kwa kila kinu peke yake. Jumla ya kiwanda kizima huficha kinu kibovu nyuma ya vinu vizima.

6. Vumbi. Wafanyakazi wawe na vitambaa vya kufunika pua na mdomo, na ngozi zinaponunuliwa iulizwe kama zipo rola za kitambaa na mpira zinazofaa kwa vinu hivyo.

SEHEMU YA CHAMA CHA MSINGI

Baada ya kuyataka hayo kwa kiwanda, ni haki nacho kiwanda kikataka yake kwa chama. Hakuna rola iliyobuniwa, India wala Marekani, inayoweza kurekebisha pamba iliyoharibiwa kabla ya kufika. Kinu cha rola hulinda urefu wa uzi, lakini hakisafishi uchafu mwingi. Kile kinacholishwa ndicho kitakachoonekana katika robota.

Wako watu wachache wanaotia maji katika pamba ili izidi uzito, na wengine huchanganya mchanga. Mtu huyo hudhani amemshinda mnunuzi kwa kilo mbili. Ukweli ni kwamba pamba yenye maji hukwama na kujiviringa kwenye rola, kinu husimama, na nyuzi zilizolala na unyevu hubadilika rangi. Mchanga hukwangua ngozi na kutia butu kisu. Jiwe dogo au kipande cha chuma kikigonga kisu huweza kutoa cheche. Rola iliyoharibiwa na gunia moja italipiwa na wanachama wote, pamoja na wale walioanika pamba yao juani kwa uaminifu.

Kwa hiyo kazi ya kutunza rola huanzia kwenye mizani. Katibu na kamati yake wahakikishe kwamba pamba safi na pamba fifi zimetengwa tangu nyumbani kwa mkulima na hazichanganywi ghalani. Gunia linaloshukiwa lifunguliwe na kutazamwa mpaka chini, mbele ya mwenyewe, bila kujali ni la mjumbe wa kamati au la mjane. Pamba mbichi irudishwe ikaanikwe. Mifuko ya sandarusi na kamba zake visitumike kuchumia wala kufungia, kwa sababu nyuzi za sandarusi hupita katika rola pamoja na pamba, hazishiki rangi, na huonekana tena katika nguo iliyokwisha kufumwa. Mteja aliyepata hasara hiyo mara moja hukumbuka mahali pamba ilikotoka.

Ni kweli kwamba karani anayerudisha gunia la jirani yake hujitafutia lawama. Kwa sababu hiyo asiachwe peke yake. Mkutano wa wanachama upitishe azimio mapema, kabla ya ununuzi kuanza, kwamba pamba yenye maji au mchanga haitapokelewa kutoka kwa mtu yeyote. Hapo karani atakuwa anatekeleza neno la wote.

HITIMISHO

Makisio ya matengenezo yatakapoletwa katika mkutano mkuu ujao, wajumbe wayasome kwa makini fungu la rola na visu. Wadai daftari la kila kinu, waulize maswali makali, na fedha ikionekana kuwa na kazi ya kweli, waipitishe. Kisha warudi vijijini na kusimamia mizani yao kwa ukali ule ule. Kiwanda kikitimiza wajibu wake nacho chama kikatimiza wake, uzi utafika katika robota ukiwa mrefu na safi kama ulivyochumwa, na bei itakapoulizwa, mwenye kuuza atakuwa na hoja ya kumwonyesha mnunuzi.