Himaya Isiyokopesheka: Jambazi Mkaazi katika Star Wars



Profesa wa uchumi akipanda jukwaani, watu hujiandaa kusikia habari za mfumuko wa bei au deni la taifa. Deni litakuja, ila tutalifuata huko angani. Nataka tuikague Himaya ya Star Wars, hadithi ya George Lucas iliyoanza kuonyeshwa sinemani mwaka 1977, kwa nadharia ya mwanauchumi Mancur Olson, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maryland.

Katika makala yake ya mwaka 1993, Olson aliitazama China ya enzi za wababe wa kivita. Alikuwepo Feng Yuxiang, aliyetawala eneo lake kwa bunduki na kulitoza kodi, na alikuwepo yule aliyeitwa Mbwamwitu Mweupe, aliyepita na jeshi lake akipora. Watu wengi walimwona Feng afadhali. Kwa nini? Jambazi mpita njia hukomba hata mbegu, maana mavuno ya mwakani hayamhusu. Jambazi mkaazi mwakani atakuwepo, kwa hiyo huchukua kiasi na kuacha kiasi, na akiwa na akili hulinda soko na kutengeneza barabara. Huruma haimo humo. Ni hesabu tupu.

Himaya ya Mfalme Palpatine ilipaswa kuwa jambazi mkaazi aliyekamilika: galaksi yote mkononi, mshindani hakuna. Sasa mwangalieni Gavana Tarkin. Anamsimamisha mfungwa wake, Binti Mfalme Leia, ndani ya kituo cha kivita cha Death Star na kumpa sharti: taja kambi ya waasi ilipo, la sivyo sayari yenu ya Alderaan inalipuliwa. Leia anataja Dantooine. Ni uongo, lakini kwa wakati ule Tarkin hajui. Anapokea jibu, kisha anailipua Alderaan vilevile, kwa kuwa Dantooine iko mbali mno kufaa kwa maonyesho.

Wengi humlaumu kwa ukatili. Mimi namlaumu pia kwa uchumi mbovu, wala si kwa sababu ya kodi iliyopotea tu. Mwanauchumi Thomas Schelling alikwishatueleza kwamba kila kitisho kimebeba ahadi: ukitii, utasalimika. Tarkin ameing'oa ahadi na kubaki na kitisho kitupu. Anayetii analipuliwa, asiyetii analipuliwa. Kutii kumebaki na faida gani?

Na kabla ya hapo, katika kikao cha wakuu wa jeshi, Tarkin huyohuyo ametangaza kwamba Seneti imevunjwa, magavana watatawala moja kwa moja, na hofu itazitia sayari adabu. Mmoja wao anauliza Mfalme atatawalaje bila watendaji wa serikali. Hakuna anayeuliza ahadi za serikali zitadhaminiwa na nani.

Swali hilo linajibiwa katika filamu ya mwaka 1980, ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote. Lando Calrissian anaendesha mgodi wa gesi ya tibanna huko Cloud City. Ni biashara ndogo, haimo hata katika chama cha wachimbaji, na yeye analalamika kama meneja yeyote: vifaa havifiki kwa wakati, wafanyakazi wanasumbua. Darth Vader, mtumishi wa Mfalme, anawasili kabla ya Han Solo, na Lando anakubali kuwasaliti rafiki yake na wenzake ili Himaya iuache mji wake kwa amani. Ndipo masharti yanapoanza kutembea. Mara Han akabidhiwe kwa mwindaji wa zawadi. Mara Leia na Chewbacca wasitoke mjini maisha. Mara hata hao wawili wachukuliwe. Lando akihoji, Vader anamjibu kwamba mkataba ni wake kuubadilisha, na bado anaweza kuubadilisha zaidi. Lando akashtaki wapi? Seneti haipo.

Mwaka 1989 Douglass North na Barry Weingast walituonyesha upande wa pili. Wafalme wa Uingereza wa karne ya 17 walikopa kwa kulazimisha na kulipa wakijisikia, na wenye fedha wakawakwepa. Baada ya mapinduzi ya 1688 Bunge lilimfunga mfalme mikono. Deni la serikali likapanda kutoka takriban pauni milioni 1 hadi karibu milioni 17 mwaka 1697. Kufungwa mikono ndiko kulikomfanya akopesheke. Vader mikono yake iko huru kabisa, na kwa sababu hiyo neno lake halina thamani hata kwa mtu aliyetamani kufanya naye biashara.

Olson mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1965, angetuambia Lando hatajiunga na waasi. Mtu wa hesabu hudandia: wengine wapigane, ushindi ukija atanufaika nao. Han katika filamu ya kwanza anachukua malipo yake na kuondoka (alirudi, najua, msinirushie viatu). Lakini kudandia kunalipa pale tu asiye na upande anapoachwa atulie. Nafasi hiyo Vader ameifuta. Mwaka 1983 tunamwona Lando akiirusha Millennium Falcon hadi kwenye kinu cha Death Star ya pili na kukilipua. Msaidizi wake ni Nien Nunb, aliyepewa sauti, kwa Kikuyu, na mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich. Wanaojua Kikuyu wameshaanza kutabasamu.

Mwaka 2015 Zachary Feinstein, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, alikadiria kwamba kuangamia kwa Death Star zote mbili kungeyumbisha mabenki, na waasi wangehitaji angalau asilimia 15 ya pato la galaksi kuyaokoa. Nina shaka na hatua moja. Hesabu hiyo inachukulia kwamba mabenki yaligharamia ujenzi. Nani angemkopesha Palpatine kwa hiari? Mabenki yaliyosikia habari za Cloud City yangedai riba isiyolipika, au yangekopesha kwa kushikiwa mtutu wa bunduki, na mkopo wa namna hiyo mhasibu makini huuhesabu kuwa umepotea siku anapouandika. Ikiwa ni hivyo, sehemu kubwa ya hasara ilikwishaingia vitabuni kabla Lando hajawasha injini.