Bomba la Kioo

Somo letu la leo ni la vituo vya petroli vya zamani, vile vya mashamba, ambavyo wengi huviita sheli. Fuateni maandishi kwa kidole, nami nitasoma polepole.

Kabla ya vituo kuwako, petroli iliuzwa dukani. Mwezi wa Agosti mwaka 1888, Bibi Bertha Benz wa Ujerumani alisafiri na wanawe wawili katika gari lililotengenezwa na mumewe. Mafuta yakamwishia njiani. Alikwenda kwa muuza dawa katika mji wa Wiesloch, akanunua mafuta ya kutolea madoa ya nguo, akayatia katika gari, akaendelea na safari. Duka hilo la dawa ndilo linaloitwa kituo cha kwanza cha petroli duniani.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, petroli ilikuja ndani ya madebe. Debe moja lilichukua galoni 4, yaani karibu lita 18. Mafuta yakiisha, debe halikutupwa. Lilitekea maji, likapimia mahindi, na likikatwa na kunyooshwa liliezekea nyumba. Kwa hiyo mtu akikuuzia debe la mahindi leo, anatumia kipimo kilichotoka kwenye mafuta.

Sasa tulifikie bomba lenyewe. Huko Marekani, katika miaka ya 1920, vituo vingi vya mashamba vilikuwa na bomba refu lenye kioo juu, mfano wa chupa kubwa. Mwenye kituo alishika mpini, akausukuma na kuuvuta. Petroli ikapanda kutoka tangi lililo chini ya ardhi, ikajaa katika kioo. Kisha alifungua mpira, petroli ikashuka kwa uzito wake mpaka ndani ya gari. Kioo kilikuwa na alama za galoni, na mnunuzi alisimama kando akatazama mafuta yanavyopungua, alama kwa alama. Bomba hilo halikutaka umeme, na ndiyo sababu lilidumu mashambani baada ya kuondolewa mijini.

Kwa nini kioo? Kwa sababu watu hawakuyaamini mabomba ya chuma yaliyofungwa pande zote. Nani angejua kama galoni 5 ni 5 kweli, au ni 4 na nusu? Kioo kilimpa mnunuzi ushahidi wa macho. Lakini fikirini jambo hili: mtu asiyejua tarakimu alisimama mbele ya kioo hicho hicho, akatazama, na bado aliweza kuibiwa machoni pake.

Katika miaka ya 1930 yalienea mabomba ya umeme yenye tarakimu zinazozunguka. Kioo kikaondoka. Leo ukienda kununua petroli, hata ya pikipiki, tazama kwanza kama bomba linaonyesha sifuri kabla ya kumiminiwa. Usione haya kumwambia mhudumu, "Ndugu, anzia sifuri."

Vituo vile vilipendwa. Katika mji mdogo wa Odell, Illinois, kando ya barabara iliyoitwa Route 66, kipo kituo kilichojengwa mwaka 1932. Kina paa kama la nyumba ya kuishi, nacho sasa hutembelewa na wageni tu, hakiuzi petroli. Barabara ile ilifunguliwa mwaka 1926, ikatoka Chicago mpaka California. Baada ya sheria ya mwaka 1956, serikali ilijenga barabara kuu mpya zilizopita kando ya miji midogo. Magari yakahama. Mwenye kituo alibaki na bomba lake, na mwenye hoteli ya jirani akabaki na vyungu vyake. Mwaka 1985 Route 66 ilifutwa katika orodha ya barabara kuu. Mtu aliyeona barabara mpya ikikwepa kijiji chake hahitaji kuelezwa zaidi.

Wako wanaoikumbuka hata harufu ya petroli ya zamani. Mimi siwacheki, lakini petroli ile ilitiwa risasi tangu mwaka 1923. Risasi ni madini yenye sumu, nayo hudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Nao mafundi wengi waliivuta petroli hiyo kwa mdomo kwa mpira!

Haya, shikeni kalamu. Galoni ya Kiingereza ni karibu lita 4 na nusu; ya Marekani ni ndogo kuliko hiyo. Lori limetiwa galoni 8 za Kiingereza. Ni lita ngapi? Andikeni jibu kwa tarakimu, kisha kwa maneno. Halafu mwulizeni mzee mmoja wa kwenu petroli iliuzwa wapi kwanza katika wilaya yenu, mwandike sentensi tatu, mje nazo darasani.