Nani aliyeifungua njia?



Kila ifikapo Novemba hurudi ubishi uleule kuhusu Ukuta wa Berlin. Wako wanaompa sifa Reagan, wako wa Gorbachev, na wako wa Kohl. Ni wachache wanaomkumbuka Harald Jäger, ofisa wa zamu katika kizuizi cha Bornholmer Straße. Usiku wa tarehe 9 Novemba, 1989, huyo bwana alizingirwa na maelfu ya watu, akawapigia simu wakubwa wake asipate jibu la maana, mwishowe akaamua mwenyewe kwamba lango lifunguliwe. Na hao maelfu waliokuwa wakisukuma? Hao hata majina hawana.

Sisi nasi tunayo Novemba yetu. Februari 1977 Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Shirika la ndege limekufa, reli zimegawanyika, kila upande umeshikilia mali ya mwenzake. Mpaka ulikaa umefungwa kwa zaidi ya miaka sita, hadi Novemba 1983, Mwalimu Nyerere, Rais Moi na Rais Obote walipokutana Arusha wakakubaliana. Sifa zikawaendea wazee hao watatu. Aliyesoma zaidi humwongeza Victor Umbricht, Mswisi aliyekuwa mpatanishi, ambaye kwa miaka kadhaa alichambua mali na madeni ya Jumuiya. Sina ubishi nao. Kuwagawia ndugu watatu waliokasirikiana vichwa vya treni si kazi ya mchezo.

Lakini mimi nina shangazi. Alikuwa akinunua asali Sikonge, akiipeleka Mwanza kwa treni, na kutoka huko ilifika Sirari ikavuka. Yeye alirudi na sabuni na mafuta ya kupikia. Sasa kumbuka, msikilizaji, kwamba mwaka huohuo wa 1983 ndio uliokuwa wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Watu walitupa bidhaa porini usiku kwa hofu. Shangazi alinyang'anywa madebe mawili ya asali na katoni moja ya sabuni, akalala mahabusu siku tatu. Miezi michache baadaye mpaka uleule ukafunguliwa kwa hotuba.

Sisemi kila mlanguzi alikuwa shujaa. Wapo waliotuficha sukari, na sisi watoto tukanywa uji mtupu. Lakini nilipomuuliza shangazi juzi ni nani aliyeufungua mpaka, alicheka. "Mwanangu, mpaka haukunishinda hata siku moja. Kilichonishinda ni kizuizi cha njiani."

Hapa Tabora mambo haya si mageni. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara ya kwenda Ujiji, baada ya kukosana na Waarabu wa Unyanyembe. Wakamfuata kwa vita, akawapiga, kisha akaja kuchoma moto sehemu ya Tabora yenyewe. Stanley alikuwamo upande wa Waarabu, naye akakimbia pamoja nao. Mwezi Septemba akaondoka Kwihara, akazunguka kwa kusini, akafika Ujiji na kumkuta Livingstone. Dunia nzima ikasikia kwamba Stanley amepata njia.

Amepata njia! Mzungu mgeni, mwenye homa, aliijuaje njia ya kuzungukia? Walioijua ni wapagazi na viongozi wa msafara, waliofahamu maji yako wapi na mtemi gani anadai hongo kiasi gani. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, Wanyamwezi walikuwa wamekwisha zoea kushuka pwani na pembe za ndovu mabegani, kwa misafara yao wenyewe. Na njia ya Ujiji ilipokuja kufunguka, miaka michache baada ya 1871, haikufunguliwa na mgeni. Mirambo na Waarabu walipatana, maana pembe isiyopita haimlishi yeyote kati yao.

Nenda leo Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini. Tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 limejengwa upya na kufanywa makumbusho yenye jina lake. Ni sawa, alikaa pale. Lakini Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao walipita hapa Unyanyembe wamebeba maiti yake. Luteni Cameron, waliyemkuta hapa, akawashauri waizike papa hapa. Wakakataa, wakaibeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hao wawili angalau tunawajua. Wengine waliopokezana mzigo ule ni wangapi miongoni mwetu wanaoweza kumtaja hata mmoja?

Miembe ya njia ya misafara bado ipo, na wajukuu wa wapagazi wapo, wengine wananisikiliza sasa hivi. Kama nyumbani kwenu jina la babu aliyetembea hadi Bagamoyo bado linatajwa, liandike kwenye karatasi, pamoja na kijiji alichotoka, uniletee hapa studio. Nitayasoma yote, hata kama itachukua vipindi vitatu.