Tumtaje Mtu kwa Asili Yake au kwa Jina Lake?

(Mada iliyotolewa katika semina ya wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia)





Mada niliyopewa yahusu jambo linaloonekana dogo. Tunapotaka msikilizaji aelewe tunamsema nani, mara nyingi neno la kwanza linalotutoka kinywani ni la asili ya mtu huyo: "yule Mhindi wa duka la vitambaa", "yule Mwarabu mwenye mabasi", "Mzungu mmoja alifika ofisini", "Msomali aliyenunua ng'ombe". Anayesema hivyo aghalabu hana ubaya moyoni. Anatafuta njia fupi ya kueleweka. Basi tujiulize: je, kumtaja mtu kwa asili yake ni kosa? Na kama si kosa daima, hugeuka kuwa kosa wakati gani?

1. Kumtambulisha mtu si dhambi

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Watu wana asili mbalimbali, na kuzificha hakumwongezei mtu yeyote heshima. Anayesimulia historia ya ukoo wake hana budi kutaja asili. Hali kadhalika, mtoto anapopotea, tangazo lisiloeleza sura yake halina faida. Hapo twasema: ni msichana wa miaka saba, maji ya kunde, amevaa gauni la buluu, ana kovu kwenye paji la uso.

Lakini tuliangalie vizuri tangazo hilo. Rangi ya ngozi imetajwa pamoja na mambo mengine yanayoonekana kwa macho, na lengo ni kumpata mtoto. Rangi huonekana, asili mara nyingi hukisiwa. Tunayemwita Mwarabu huenda ni mtu wa Lamu au wa Pemba, ambaye wazee wake wamezikwa hapo kwa vizazi vingi, na ambaye hana lugha nyingine ya nyumbani isipokuwa Kiswahili. Tunaowaita Wahindi, miongoni mwao wamo Wagoa ambao ni Wakatoliki wenzetu, wamo Wahindu, Waismailia, Mabohora na Masingasinga. Wao wenyewe wajua tofauti zao. Sisi tumewafunga wote katika neno moja.

Wala jambo hili si la rangi peke yake. Wafugaji ambao wengi wetu huwaita Wamang'ati, wenyewe hujiita Wadatoga. Jina la Mang'ati walipewa na Wamasai, na maana yake ni adui. Kila tunapolitamka bila kufikiri, tunamtaja jirani yetu kwa ugomvi wa watu wengine.

2. Dalili tatu za neno lililogeuka dhuluma

Dalili ya kwanza ni neno hilo kuwahusu wengine tu. Mtu anasimulia ajali akisema: "Waliumia abiria watatu na Mhindi mmoja." Je, huyo Mhindi hakuwa abiria? Alilipa nauli ileile, akakaa katika gari lilelile, akavunjika mguu kama wenzake. Lakini katika masimulizi wale watatu ni watu wa kawaida, naye ni kitu cha kando.

Dalili ya pili ni asili kuambatanishwa na kosa. Akiiba mtu wa kwetu, twasema "mwizi". Akiiba mtu wa asili nyingine, twasema "mwizi Msomali", na watu elfu wasiohusika wanabebeshwa mzigo wa mmoja. Hata sifa njema yaweza kuwa na sumu hiyo. Tunaposema, "Ni Mhindi, lakini ana huruma," neno "lakini" limekwisha kuwahukumu wengine wote.

Dalili ya tatu ni asili kuchukua nafasi ya jina. Mtu amekaa mtaani miaka thelathini, amewauzia watu dawa usiku wa manane kwa mkopo, na akifa jirani wanaulizana, "Hivi yule Mhindi aliitwa nani?" Na kosa hili halina upande mmoja. Ndani ya nyumba hiyohiyo huenda kuna mpishi wa miaka hamsini, baba wa watoto na mwenye wajukuu, ambaye waajiri wake humwita "boi". Yeye naye amenyang'anywa jina lake, tena amenyang'anywa na utu uzima wake.

3. Neno linapotiwa mkononi mwa wenye mamlaka

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno tu, na maneno hayavunji mfupa. Historia ya nchi zetu inatufundisha vingine.

Utawala wa kikoloni uliwapanga watu wa Tanganyika katika mafungu matatu: Wazungu, Waasia na Waafrika. Shule zilitengwa kwa mafungu hayo, na mishahara vilevile. Katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, hata kama katika fungu fulani hakumwona anayemfaa. Oktoba 1961, nchi ikikaribia uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Julius Nyerere alikataa katakata, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Mwaka 1965 wapiga kura wa Morogoro, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, walimchagua Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, kuwa mbunge wao. Hawakulazimishwa na fungu lolote.

Kwingineko mambo hayakwenda hivyo. Nchini Uganda, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Miongoni mwao walikuwamo raia wa Uganda, lakini wengi wao walipofika kuhakikiwa hati zao zilikataliwa. Neno moja, "Mwasia", lilikuwa limewameza wote, raia na mgeni. Nchini Kenya, mwaka 1989, raia wenye asili ya Kisomali walitakiwa kupita mbele ya kamati za kuwahakiki na kubeba kadi ya ziada kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Jirani zao wa asili nyingine hawakuulizwa.

Na nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, utawala wa Wabelgiji uliandika kwenye kitambulisho cha kila mtu kama yeye ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Lilikuwa ni neno la kumtambulisha mtu, limeandikwa na karani kwa wino. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilohilo ndilo lililoamua nani apite na nani auawe. Baada ya mauaji hayo ya kimbari Rwanda ililiondoa neno hilo katika vitambulisho.

Ndugu zangu, sisemi kwamba kila anayesema "yule Mhindi" anaandaa mauaji. Ninasema kwamba mamlaka dhalimu haianzi na ardhi tupu. Hulikuta neno limekwisha zoeleka midomoni mwa watu, nayo hulipatia kazi mpya.

4. Msamaria na mtu asiye na kabila

Mfano wa Msamaria Mwema twaujua sote, lakini tuusikilize tena kwa sikio la mada yetu. Aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi hakutajwa asili yake. Ni mtu tu, amevuliwa nguo na yu karibu kufa. Haja yake yatosha kumtambulisha. Aliyemsaidia ndiye aliyetajwa kwa asili, na ni asili ambayo wasikilizaji walizoea kuitaja kwa dharau. Yesu aliitaja makusudi ili kuivunja dharau hiyo. Hatimaye mwanasheria alipoulizwa ni nani aliyekuwa jirani, hakujibu kwa jina la kabila. Alimtambulisha kwa tendo lake la huruma.

Hapo tumepewa kipimo. Asili yaweza kutajwa ikiwa inasaidia kutenda haki. Na hata hivyo si neno la mwisho kuhusu mtu.

5. Tufanye nini?

Lugha yetu haikutuacha maskini. Kiswahili kina njia nyingi za kumtaja mtu kwa heshima. Twamtaja kwa mtoto wake: Mama Neema, Baba Juma. Twamtaja kwa kazi yake: fundi, mwalimu, dereva. Twamtaja kwa mahali: yule wa nyumba ya kona, yule mwenye duka mkabala na kisima. Tena twalo neno "ndugu", ambalo halimuulizi mtu alikotoka.

Kabla ya kutaja asili, tujiulize mambo matatu. Je, yule ninayezungumza naye atashindwa kuelewa nisipoitaja? Je, ningeitaja kama mtu huyu angekuwa wa asili yangu? Je, ningeitaja vilevile yeye mwenyewe akiwa amesimama hapa ananisikia? Jibu likiwa hapana, tulitafute jina lake. Na anayekwenda kituo cha polisi kutoa taarifa ana wajibu mkubwa zaidi: aseme alichokiona, yaani urefu, umri, nguo, alama ya mwilini na njia aliyokimbilia. Akisema tu "ni Msomali", hajamsaidia askari kumpata mkosaji; amempa ruhusa ya kumkamata yeyote.

Mwisho, tukumbuke kwamba katika Hospitali ya Muhimbili vizazi vya wagonjwa vimelazwa katika jengo liitwalo Sewahaji. Wengi wao hawajui kwamba Sewa Haji alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo mwenye asili ya Kihindi, aliyeishi karne ya 19 na kutoa mali yake ili wagonjwa wapate hospitali. Kilichobaki midomoni mwa watu si asili yake. Ni jina lake, na jina hilo limeshikamana na tendo jema. Haki hiyo tumpe kila jirani yetu angali hai.



Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Taja watu watano wa mtaani kwenu mnaowaita kwa asili yao. Ni wangapi mnawajua kwa majina?

2. Je, kuna kabila au kundi la watu ambalo kwenu huitwa kwa jina ambalo wenyewe hawalipendi? Wao hujiitaje?

3. Katika nyumba zetu, wale wanaotufanyia kazi tunawaitaje? Watoto wetu wanajifunza nini kutokana na hilo?