Kilo ya Gesi na Yuniti ya Stima: Jinsi ya Kulinganisha



Mtu akinunua tokeni hupewa yuniti. Akijaza meko hupewa kilo. Ndiyo sababu ubishi wa nyumbani kuhusu kipi kinakula pesa hauishi. Lakini vyote viwili ni nishati, na hesabu yake inatosha nyuma ya risiti.

Yuniti moja ya stima ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa nzima limemaliza yuniti moja, ambayo ni sawa na megajuli 3.6. Kilo moja ya gesi ya mtungi ikichomwa hutoa takriban megajuli 46. Gawanya 46 kwa 3.6, jibu ni karibu 12.8. Basi meko ya kilo 6 ina joto la yuniti 77 hivi, na mtungi wa kilo 13 una 166.

Gesi hii ya mtungi ni propani na butani, iliyoshindiliwa hadi ikawa majimaji, kwa hiyo huuzwa kwa kilo. Gesi asilia ni nyingine. Ile ya Songo Songo, inayopita kwenye bomba hadi Dar es Salaam tangu 2004 kuzalisha umeme, hasa ni methani na hupimwa kwa mita za ujazo. Mita moja ina joto la yuniti 10 hivi. Hata hivyo mtambo ukiichoma hautoi yuniti 10 za umeme; hutoa labda nne au tano, na joto lililobaki hupotea.

Jikoni nako kuna upotevu, na hapo ndipo wengi hukosea. Moto wa gesi hupita pembeni mwa sufuria, na takriban nusu tu ya joto huingia chakulani. Koili hufikisha kama asilimia 70. Kwa hiyo kati ya yuniti 12.8 za kilo ya gesi, 6.4 ndizo zinazopika, na koili ingetumia yuniti 9 hivi kufanya kazi hiyo hiyo. Namba ya kushika ni 9.

Chukulia meko imejazwa kwa shilingi 1,200. Kilo moja ni shilingi 200. Gawanya kwa 9, inakuwa shilingi 22. Kisha ufunguliwe ujumbe wa tokeni, pesa zote zilizolipwa zigawanywe kwa yuniti zilizopatikana. Yuniti ikiwa shilingi 25, gesi ni nafuu kuliko koili. Ikiwa 18, koili inashinda. Kwa githeri na maharagwe mambo hugeuka, maana sufuria ya presha ya stima imefungwa, huhifadhi joto na hujizima yenyewe, hivyo hutumia stima kidogo sana kuliko koili.

Ila kuna mtego. Stima ya nyumbani hutozwa kwa madaraja, na asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa. Anayepika kwa koili kila siku atazipita 30 upesi, na hapo hata yuniti za taa zitapanda bei. Pale nyumba kadhaa zinapotumia mita moja ya landlodi, daraja hilo huenda limepitwa kabla ya sufuria ya kwanza kuinjikwa. Mpangaji wa hapo hana ujumbe wa tokeni, basi apige hesabu kwa kile anachotozwa.

Hesabu yote hii huharibika mtungi ukiwa na upungufu. Kilo moja ikikosekana, zimekosekana karibu yuniti 13 za joto ambazo mnunuzi amezilipia. Bei ya chini ajabu ya gesi inayohamishwa uani kutoka mtungi hadi mtungi haina mizani wala usalama. Moto wa Embakasi wa usiku wa 1 Februari 2024 ulianzia mahali pa kujazia gesi pasipo na kibali, ukaua watu na kuunguza nyumba. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mnunuzi aombe upimwe mbele yake kabla ya kulipa, atoe uzito huo, na kwa meko zibaki kilo 6.