Muuzaji Anayelipishwa Nguo Iliyopotea: Chanzo cha Huduma Mbovu Katika Maduka ya Nguo za Kisasa

 Mada niliyopewa ni huduma kwa wateja katika maduka ya nguo za kisasa jijini Dar es Salaam. Kila Oktoba, Wiki ya Huduma kwa Wateja inapofika, tunakumbushana kutabasamu na kusalimia. Ni mambo mema, ila tumeyarudia miaka mingi na mteja bado analalamika. Kwa maoni yangu tumekuwa tukimsema mtu asiyehusika. Huduma mbovu katika maduka haya huanzia kwa mwenye duka, siku anapomkabidhi muuzaji funguo na kumwambia, "Nguo ikipotea, utailipa."

Maduka ninayoyazungumzia mnayajua. Kuanzia Sinza, Mwenge na Kinondoni hadi mitaa ya Kariakoo, ni fremu yenye kioo mbele, kiyoyozi, taa kali na masanamu yaliyovishwa yakavalika. Mzigo unatoka Guangzhou, Istanbul, Bangkok au Dubai. Mwenye duka ameufuata mwenyewe, au kuna mtu huko anayemchagulia kwa picha za WhatsApp. Kodi ya fremu imelipwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kwenye Instagram gauni linaonekana limemkaa mrembo, bei haikuandikwa, na anayeuliza anaambiwa aje inbox. Kwa hiyo mteja anayesukuma mlango wa kioo huwa ameshaona picha, ameshapanda daladala au bodaboda, na Jumamosi ana shughuli. Huyo ni mnunuzi. Kumpoteza ni kazi, na tunaifanya kazi hiyo kila siku.

Nieleze nililoshuhudia. Nilimsindikiza mama yangu mdogo kutafuta gauni la sendofu ya binti yake, katika duka ambalo sitalitaja. Alikuwa amevaa dera na kandambili, maana alitokea sokoni. Akabisha hodi. Wauzaji walikuwa wawili, wote kaunta. Mmoja alijibu "karibu" macho yakiwa kwenye simu. Mama mdogo alipoanza kupitia magauni, muuzaji wa pili akanyanyuka, akawa anamfuata hatua mbili nyuma. Kila gauni alilolishika na kuliachia, yule binti alilishika tena, akalinyoosha, akahesabu henga kwa macho. Hakusema neno lolote hadi alipoulizwa bei ya gauni la kijani. Akajibu, "Hilo la Uturuki, mama. Bei yake imechangamka."

Swali lilikuwa bei, na jibu likawa hukumu juu ya mfuko wa mtu. Ilibidi aulize tena ndipo akatajiwa laki moja na themanini. Dakika chache baadaye akaingia dada mmoja ameshika funguo za gari. Huyo alipokewa kwa "karibu mpenzi," akaulizia gauni lilelile, akatajiwa laki moja na nusu. Mama mdogo alisikia. Alinitazama, akanyamaza, kwa sababu gauni lilikuwa limempendeza na siku zilikuwa zimekwisha. Alipoomba kujaribu aliambiwa aingie na moja tu, na aangalie asilipake poda.

Aliipata bei ileile ya laki na nusu baada ya kubishana, akalipa, akapewa risiti. Jioni ya kuamkia shughuli, alipolivaa nyumbani kuonyesha ndugu, zipu ilifumuka pale inapoungana na kitambaa. Asubuhi tulirudi na gauni na risiti. "Bosi hayupo." Tukaomba apigiwe. "Hapokei." Tukaomba basi abadilishiwe, maana jingine la saizi ile lilikuwa linaning'inia mbele yetu. Yule binti akaonyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa nyuma ya kaunta: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kilichoniuma ni kwamba usoni hakuwa na kiburi. Alikuwa na hofu. Alitutazama sisi, akatazama kamera ya ulinzi iliyokuwa juu ya kichwa chake, akarudia maneno yaleyale kwa sauti ndogo. Zipu ilishonwa upya na fundi wa mtaani kwa elfu chache, na habari za duka lile zilikuwa zimeshafika kwa kamati nzima ya sendofu kabla ya mchana.

Hofu ile ndiyo iliyonifanya niwatafute wauzaji wa maduka kadhaa nizungumze nao nje ya kazi. Walichonieleza kinafanana. Anafungua saa tatu asubuhi, anafunga saa mbili usiku, chakula anakila nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia. Bosi anatazama kamera kwenye simu akiwa nyumbani, na akimwona amekaa, anapiga: "Mbona umekaa?" Hana ruhusa ya kushuka chini ya bei aliyowekewa hata kwa elfu tano, hana ruhusa ya kubadilisha nguo, hana ruhusa ya kurudisha hela. Mwisho wa mwezi mzigo unahesabiwa. Ikipungua suruali ya elfu sitini, inakatwa kwenye mshahara wake, kwa bei ya kuuzia, si ya kununulia. Zikipungua tatu, mwezi huo ameisha.

Mtu wa namna hiyo atamtazamaje mteja? Mteja anayeingia anaweza kumla mshahara. Dera, mkoba mkubwa, mtoto mgongoni, kundi la wanafunzi watatu wanaocheka: kwake hizo ni dalili za hasara. Ndiyo maana anafuata nyuma badala ya kutangulia mbele kuonyesha, na ndiyo maana anamruhusu mtu kuingia na nguo moja. Mkimpeleka kwenye mafunzo ya tabasamu, atatabasamu huku akihesabu henga.

Hapa niwaambie wamiliki jambo ambalo wengi hawalijui, au wanalijua na kulipuuza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara kirahisi hivyo. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima aelezwe kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na lilivyokokotolewa, kisha apewe nafasi ya kupinga. Anachodaiwa hakiwezi kuzidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Sheria hiyohiyo inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na mapumziko ya saa nzima kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Pimeni duka lenu kwa kipimo hicho kabla hamjamlaumu binti wa kaunta kwamba amenuna.

Wizi upo. Sikatai, na sitaki mtu atoke hapa akisema nimeudharau. Wapo wanaovaa suruali mbili wakatoka na moja chini ya nyingine. Lakini hilo lina dawa isiyomdhalilisha mteja mwema. Weka kibao chenye namba mlangoni mwa chumba cha kujaribia: anayeingia na nguo tatu anapewa kibao cha tatu, anatoka na tatu. Hesabuni mzigo kila zamu inapobadilika, si mwisho wa mwezi, na anayetoka na anayeingia wote watie saini. Halafu, mwenye duka, ingiza upotevu mdogo kwenye bei yako tangu mwanzo, kama unavyoingiza usafiri na ushuru. Ni gharama ya biashara yako, na mshahara wa binti wa laki mbili si mahali pa kuifichia.

Kuna suala la saizi, nalo linaumiza wateja wanawake kuliko tunavyodhani. Nguo nyingi zinazotengenezwa kwa soko la China ni ndogo kuliko lebo inavyodai kwa maumbo yetu. Mtu anayevaa L kwenye nguo ya Uturuki anaweza kuhitaji XXL ya Guangzhou. Muuzaji anayejua mzigo wake atasema, "Hizi zinakuja ndogo, dada, chukua namba mbili juu." Muuzaji asiyefundishwa anamwangalia mteja juu hadi chini na kusema, "Saizi yako hapa hakuna." Nguo ni ileile na saizi ni ileile, lakini wa kwanza ameuza, wa pili amemwumiza mtu mbele ya watu. Kumfundisha kunahitaji nusu saa mzigo unapofunguliwa: kila aina ipimwe kwa tepu kifuani, kiunoni na nyongani, vipimo viandikwe kwenye daftari la kaunta. Sijaona duka nililoingia lenye daftari hilo.

Nayalinganisha maduka haya na wauza mitumba wa soko la Karume, kwa heshima kubwa. Hawana kiyoyozi, na chumba cha kujaribia ni khanga iliyoshikwa na rafiki. Lakini muuza mitumba anakumbuka kwamba unapenda mashati ya kitani, na akifungua belo anakupigia kabla hajayatundika. Akikosa saizi yako anakupeleka kwa jirani yake. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu mzigo ni wake na uamuzi ni wake. Akipunguza bei, hamwogopi mtu. Muuzaji wa dukani hana hata chembe ya uhuru huo, halafu tunashangaa kwamba hana ukarimu.

Sasa ile karatasi ya ukutani. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo ana haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzwa. Kasoro ambayo alipaswa kuiona alipokagua bidhaa ni juu yake. Kasoro ya zipu inayofumuka mara ya kwanza kuvaliwa nyumbani haionekani kwa kukagua. Karatasi iliyobandikwa nyuma ya kaunta, ambayo mteja hakuelezwa kabla ya kulipa, ni kinga dhaifu sana. Nayo Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki zake, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC. Majirani zetu Kenya wameiweka haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha ndani ya Katiba yao ya 2010, Ibara ya 46. Kwa upande mwingine, mteja aliyebadili tu mawazo, au aliyevaa gauni kwenye harusi Jumamosi na kulirudisha Jumatatu likinukia marashi, sheria haimlazimishi muuzaji kumrudishia. Wateja nao walielewe hilo. Na watunze risiti. Zile za mashine za EFD hufifia, basi waipige picha siku hiyohiyo.

Ninapendekeza karatasi ile ishushwe wiki hii, na mahali pake paandikwe maneno haya kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni: "Nguo yenye kasoro, ilete na risiti ndani ya siku 7, tutakubadilishia au kukurudishia fedha. Saizi ikikukataa, tutakubadilishia ikiwa haijavaliwa." Bei ziandikwe kwenye kila nguo, ili mwenye dera na mwenye funguo za gari wasome namba moja. Muuzaji apewe kiwango, tuseme elfu hamsini, anachoweza kukiamua mwenyewe bila kumpigia mtu: kubadilisha, kupunguza, au kulipa fundi ashone zipu palepale. Aandike alichofanya na sababu yake, bosi asome jioni.

Najua swali litakaloulizwa kwanza, nani atabeba hasara muuzaji akikosea kuamua. Ni mwenye duka. Wauzaji mliokaa nyuma, ningependa ninyi ndio mwanze kuchangia, na wamiliki wawasikilize hadi mwisho kabla ya kujibu.