Mzazi Asiyesoma Naye Ni Mwalimu

Wazazi wengi wasiojua kusoma hudhani hawawezi kumsaidia mtoto, wakamwachia mwalimu kazi yote. Sivyo. Kabla ya kutambua herufi kwa macho, mtoto hana budi kupambanua sauti kwa masikio. Mama amwimbiaye ba, be, bi, bo, bu, na bibi amtegeaye vitendawili jioni, humtengenezea njia. Kiswahili kina irabu 5 tu, nazo hazibadili sauti. Mtoto akishajua ba na ta, husoma baba, kisha bata.

Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi nchini Kenya ilipendekeza madarasa 3 ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali pale. Lakini lugha hiyo huanzia nyumbani. Mtoto asiyesemezwa hufika shuleni na masikio matupu. Umleavyo ndivyo akuavyo.